Bampa la Povu la Bibi Harusi

Jumanne, 10 Juni
Dada Eyotaru amekuja kukagua gari langu. Amelizunguka mara mbili kama afisa wa forodha. Jumamosi Driciru, binti wa marehemu kaka yetu, anakwenda Koboko kuolewa. Mimi ndiye baba yake mdogo. Nani mwingine amwendeshe? Dada anasema gari halina bampa, linacheka kama kibogoyo, na wakwe watacheka nalo. Niweke bampa kufikia Ijumaa jioni, la sivyo bibi harusi atapanda Noah ya Aliga. Aliga! Fundi wa bodi za magari, jirani yangu, mtu anayepiga honi akitoka uani kwake mwenyewe. Bampa lenyewe lilibaki Vurra, chini ya lori la mihogo. Sitaki kulizungumzia.

Jumatano, 11 Juni
Njia imepatikana. Kwenye simu nimemwona mtu akitengeneza bampa zima kwa povu la njano la makopo, lile wanalojazia mianya kando ya fremu za madirisha. Linavimba, linakauka, unalichonga kwa kisu kama sabuni. Dakika ya nne data ikaisha, video ikakatika. Nilikuwa nimeona ya kutosha. Nimenunua makopo sita. Aliga kauliza kama najenga nyumba. Nimemwambia atajua Jumamosi.

Alhamisi, 12 Juni
Nimefunga maboksi kwa kamba mbele ya gari, yawe kalibu. Kopo linasema jaza nusu tu. Ushauri wa mabahili. Nimemwaga makopo manne. Likavimba. Likaendelea kuvimba! Niliporudi kutoka kunywa chai, lilikuwa limepasua maboksi, limeingia kwenye grili na limepanda boneti. Aliga akaegemea ukuta, akapaza sauti mtaa mzima usikie: "Candia, gari yako iko na mimba!" Jovia, mke wangu mwenyewe, alicheka mpaka akakaa chini. Vidole vyangu vitatu vimegandana. Nimekula kwa kijiko.

Ijumaa, 13 Juni
Nimechonga kutwa. Rangi nyeupe, mara tatu. Boneti haifunguki, lakini bibi harusi haangalii injini. Dada akaja, akaligonga bampa kwa kidole, akanuna, akakubali. Likianguka njiani, anasema, nisirudi tena kwake kuomba chai. Nimeshinda!

Jumamosi, 14 Juni
Tumetoka Arua saa tatu. Driciru nyuma, gauni limejaa hadi madirishani. Dada kando yangu. Aliga nyuma yetu na keki, mahali panapomfaa.
Tulipopita Maracha mshale wa joto ukapanda. Mvuke ukatoka. Nikasema ni umande. Dada akasema saa nne hakuna umande, simama!
Povu lilikuwa limeziba rejeta yote. Hewa haipiti hata kidogo. Na boneti imegandana nalo. Msafara mzima, kisu kimoja tu: cha keki, chenye utepe mwekundu. Dada akapandisha gauni lake la gomesi, akapiga magoti lamini, akalikatakata bampa langu huku akiniita majina ambayo baba hakunipa. Aliga akaibandua boneti kwa mtaimbo, ikapinda. Kwa furaha, niliona.
Driciru akahamia kwenye Noah. Keki ikaja kwangu. Akatoa kichwa dirishani: "Baba mdogo, pole. Ilikuwa imependeza."
Nilifika Koboko wa mwisho, bila bampa, keki ikiwa salama. Walipoikata kwa kisu kilekile, baba mkwe wa Driciru akauliza ile chenga ya njano kama ni ndizi. Nikasema ndiyo.

Jumapili, 15 Juni
Nimefikiri kwa makini. Kisu cha keki kimepinda. Povu halikupinda. Fundi gani atabisha? Kosa ni la Aliga na mtaimbo wake: sasa boneti haifungiki. Jovia anasema nimwombe aninyooshee. Nimwombe Aliga!
Mdogo wake Driciru anaolewa Omugo mwezi wa nane. Dada bado hajanena nami, kwa hiyo hajakataa. Chini ya kitanda yamebaki makopo mawili. Boneti ni bapa tu, kazi rahisi kuliko bampa. Nimeshaanza kukata maboksi.