Kibali cha Kunusa Maji

Miaka ile soko la pamba lilipofunguliwa na kila mwenye mizani akajiita kampuni, Januarius Thomasi alikuwa na mizani mbili: moja ya kununulia, nyingine ya kuuzia, nazo hazikuwahi kukubaliana hata siku moja. Wakulima wa Bariadi ni wapole, lakini upole nao una kina chake. Kina hicho kilipofikiwa, Januarius aliziacha mizani zote gulioni akaokoa miguu.

Ndiyo sababu asubuhi hiyo alikuwa amejibanza kwenye baraza ya ofisi moja ya serikali, mahali ambapo, kwa uzoefu wake, hakuna mtu aliyewahi kutafutwa kwa haraka. Mbele ya pua yake palikuwa na ubao wa matangazo. Kati ya tangazo la baiskeli iliyopotea na lile la chanjo ya mbwa, ilibandikwa karatasi mpya isiyosomwa na mtu. Januarius akaisoma, kwa kuwa mtu anayejificha hana budi kuonekana ana shughuli.

Karatasi ilisema kwamba ni marufuku kwa raia yeyote kukusanya, kupima, kuchukua sampuli au kuhifadhi taarifa zihusuzo maji, udongo, hewa, mimea au wanyama katika ardhi ya umma bila kibali cha maandishi. Nani angetoa kibali hicho, karatasi haikusema. Labda aliyeiandika aliona aibu kuuliza.

Januarius aliirudia mara ya pili, polepole, kama mtu anayelamba asali kwenye kisu. Alikwisha kuuza dawa ya kunguni, redio zisizo na matumbo, na nafasi za kazi katika mgodi ambao haujachimbwa. Lakini hapa palikuwa na bidhaa isiyohitaji ghala. Sheria isiyoeleweka, alijiambia, ni ng'ombe aliyepotea porini: anayemwona kwanza ndiye mwenyewe.

Mteja wake wa kwanza Januarius alimjua kabla hajafika barabarani.

Mzee Masalu alikuwa na kinu cha kukamua mafuta ya mbegu za pamba, kando ya njia iendayo Mwamapalala. Mafuta yale yalisafishwa kwa magadi makali, na maji machafu ya usafishaji, mazito kama ya sabuni, yakatoka kwa bomba hadi korongoni, yakateremka korongo hadi kwenye lambo la kijiji. Mwanzoni wanakijiji walifurahi, kwa kuwa nguo zilijifua zenyewe. Baadaye vyura walinyamaza, povu likaweka ukoko, na ng'ombe waliokunywa pale wakaharisha mpaka wakatia huruma.

"Shikamoo, mzee Masalu."

"Marahaba. Kama ni mchango wa harusi, umechelewa. Kama ni wa msiba, bado sijafa."

"Nimekuja kukuondolea harufu."

"Harufu gani?"

"Ile ambayo watu wa bondeni wanaisikia na wewe huisikii."

Masalu alimkaribisha kiti. Akakiri kwamba kulikuwa na mjane mmoja, Nyanjige, aliyekuwa akichota maji ya lambo katika chupa na kutangaza kuwa atayapeleka mjini yakapimwe. Januarius alimsomea sheria kwa sauti ya padre wa Ijumaa Kuu.

"Kwa hiyo kuisikia harufu ni kosa?" Masalu aliuliza, uso ukimchanua.

"Kuisikia si kosa, mzee. Kosa ni kuikumbuka."

Wakaelewana papo hapo. Masalu alitoa koti la kaki, kofia yenye utepe na baiskeli. Januarius aligusia malipo, na hapo tajiri akajikunja kama jongoo. Alikuwa mtu wa kupenda mambo makubwa yasiyomgharimu.

"Faini utakazotoza ni zako zote," alisema. "Sitagusa hata ukwato. Mimi nataka ukimya tu."

Januarius alizaliwa Binza, mjini Maswa, nyuma ya duka la vitenge, na ng'ombe alimfahamu hasa kupitia mchuzi. Hata hivyo alijua kwamba vijijini utajiri una pembe. Akaipanda baiskeli akiimba.

Mkutano ulifanyika karibu na lambo lenyewe, upande ambao upepo ulikuwa na huruma. Nyanjige alikaa mbele, mwanamke mwembamba, kitambaa cha kichwa kikiwa kimefungwa barabara. Kando yake alisimama Kwandu, kamanda wa sungusungu, na filimbi shingoni na mishale mgongoni.

"Mwadila," walisema wanakijiji.

"Mwadila," alijibu Januarius. Kisukuma chake kiliishia hapo. "Mimi ni Afisa wa Taarifa za Mazingira. Nimeagizwa kuwajulisha kwamba mnajua mambo mengi kuliko inavyoruhusiwa."

Watu walitazamana. Shutuma hiyo walikuwa hawajawahi kupewa na afisa yeyote.

Akawaeleza sheria kifungu kwa kifungu. Kutia mguu majini na kusema ni ya baridi, huko ni kupima. Kunusa ni kukusanya hewa. Mchungaji anayejua majani yako wapi anahifadhi takwimu za malisho kichwani mwake, ambacho ni chombo kisichosajiliwa.

Kwandu aliinua mkono. "Na mimi nikiona wingu, afande?"

"Liko juu ya ardhi ya umma?"

"Kwa sasa liko juu ya shamba langu."

"Basi litazame haraka, kabla halijavuka."

Kwandu akalitazama haraka, kisha akafumba macho kwa utii.

"Tuna visima vya mchangani," Nyanjige alisema bila kupaza sauti. "Tunanywesha mifugo kwa ndoo. Kiangazi kikishika, mchanga unakauka, linabaki lambo peke yake. Tukienda mjini tunaambiwa tulete ushahidi. Sasa wewe unasema ushahidi ni kosa."

"Sijasema mimi, mama. Imesema karatasi."

"Basi tufanyeje tusife?"

Swali hilo lilimgusa Januarius mahali fulani chini ya koti, lakini koti lilikuwa zito. "Mtasubiri wenye kibali."

"Na mwenye kibali ni nani?"

"Huku kote? Mimi peke yangu."

"Wewe peke yako ndiye unayeruhusiwa kujua," Nyanjige alirudia, kama mtu anayepima kitambaa kabla ya kukikata. "Na faini zinakwenda wapi?"

"Kwangu. Bwana Masalu mwenyewe amebariki. Amesema hatagusa hata ukwato."

"Kwa mdomo wake?"

"Kwa mdomo wake. Na faini ni ng'ombe. Mambo ya hewa hayalipwi kwa kuku."

Minong'ono ya Kisukuma ilipita kutoka mstari wa nyuma hadi wa mbele na kurudi. Kisha Nyanjige akasimama. Akakiri kwamba alikuwa na chupa za maji nyumbani, kwamba alizinusa, na kwamba alikumbuka. Akatuma aletwe ng'ombe.

Baada ya hapo kijiji kizima kilishikwa na toba. Mmoja alikiri kuhesabu korongo waliohama. Mwingine alikuwa ameonja udongo akiwa mjamzito, akaomba kosa lihesabiwe moja ingawa waliokula ni wawili. Babu mmoja alilia kwamba goti lake huuma kabla ya mvua, kwa hiyo amekuwa akitabiri hali ya hewa bila leseni tangu enzi za Mwingereza. Kila mkosaji aliondoka na kurudi akiswaga ng'ombe.

Mtu aliyelelewa zizini angejiuliza. Msukuma hatoi ng'ombe kirahisi hivyo. Hata mahari huijadili mpaka bibi harusi anasinzia. Angeona pia kwamba ng'ombe wale, ingawa walitoka kaya mbalimbali, wote walikuwa na pengo lilelile kwenye sikio la kushoto. Januarius aliliona pengo hilo. Akadhani ndivyo masikio ya ng'ombe wa huku yalivyo.

Kesho yake ilikuwa siku ya mnada wa Lagangabilili. Kwandu alijitolea kumsindikiza na vijana wake, "kwa usalama wa serikali". Jua lilikuwa limeanza kuuma, ng'ombe walikuwa wakitoa ndimi, na njia ya mnadani ilipita kando ya lambo. Januarius alisimama.

"Maji haya wanyama wanakunywa?"

Kwandu alitazama mbinguni. Akakumbuka wingu, akatazama chini. "Afande, hilo ni swali la taarifa."

"Nakuuliza tu kama mtu na mtu."

"Na ardhi hii ni ya umma. Nikijua, utanitoza tena, na mimi ng'ombe sina wengine."

Nyanjige alikuwa amesimama ng'ambo na ndoo yake. Januarius alimpungia. "Mama! Maji haya yakoje?"

Nyanjige akamgeuzia mgongo kwa heshima zote.

Januarius alifurahi kuona sheria ikiheshimiwa kiasi hicho. Hakika alijiona mwalimu. Akawaachia ng'ombe wakanywa mpaka matumbo yakawa kama ngoma.

Mnadani, mambo yalianza vizuri. Wanunuzi waliwazunguka wale ng'ombe, wakawabonyeza mbavu, wakasifu manyoya. Mmoja wa mbele, mwenye fimbo ya mpingo, alikuwa anatamka bei yake pale dume jekundu lilipoinua mkia. Lilichokitoa hakikuwa kinyesi, ilikuwa hotuba. Wenzake wakaunga mkono hoja. Kwa muda mfupi uwanja ulikuwa umepata utelezi, bei ilikuwa imeshuka chini ya miguu ya mwenye fimbo, na bwana mifugo wa mnada, ambaye kibali chake kilikuwa cha kweli, alikuwa anakuja mbio akiwa ameshika pua.

Nyuma yake alikuja mzee Masalu, aliyefika kununua mitamba. Alilitazama dume jekundu. Akatazama sikio lake la kushoto. Akatazama masikio mengine yote, moja baada ya jingine, na kila sikio likamwondolea rangi kidogo usoni.

"Hawa ni ng'ombe wangu," alisema.

Kwandu akapuliza filimbi.

Sasa ni lazima ielezwe jambo ambalo pale uwanjani halikuhitaji kuelezwa kwa mtu yeyote isipokuwa Januarius. Mwenye ng'ombe wengi hawafungi wote katika zizi lake, asije akaonewa wivu na majirani na kukumbukwa na mtoza kodi. Huwagawa kwa kaya nyingine wachungwe. Mchungaji hunywa maziwa, mwenye mali hubaki na mali na siri ya wingi wake. Desturi hiyo huitwa kubilisa. Nusu ya mazizi ya kijiji kile yalikuwa na ng'ombe wa Masalu.

"Mmegawa mali yangu?" Masalu aliuliza, sauti ikimpasuka.

"Sisi tunaogopa sheria," alijibu Nyanjige, aliyekuwa amefika kwa miguu, vumbi likiwa limempanda hadi magotini. "Afande alisema umebariki. Alisema hutagusa hata ukwato. Tulisikia wote."

Wote wakaitika kwamba walisikia.

"Huyu si afande," Masalu alifoka. "Huyu ni mwizi."

"Basi ni mwizi wa ng'ombe," Kwandu alisema kwa upole wa kutisha, na vijana wake wakasogea. Wanachofanyiwa wezi wa ng'ombe katika nchi ile Januarius alikuwa amekisikia tangu utotoni, hata nyuma ya duka la vitenge.

"Mimi ni afande," alisema haraka.

"Vizuri," alisema Nyanjige. "Basi wewe ndiye mwenye kibali. Bwana mifugo anataka kujua wamekula nini. Sisi hatujui kitu. Mwambie, bhabha."

Januarius alimtazama Masalu, aliyekuwa akitikisa kichwa kidogo kidogo. Akatazama mishale. Akamtazama mwanamke yule, na chini ya koti pale mahali pakaguswa tena, safari hii kwa nguvu zaidi. Akavuta pumzi, ambayo kwa hali ya uwanja ilikuwa ushujaa.

"Wamekunywa maji ya lambo," alisema. Akaona haitoshi, kazi ni kazi. "Kwa mamlaka niliyonayo, maji hayo yana povu, yananuka magadi, na chanzo chake ni bomba la kinu cha mafuta cha mzee Masalu. Nimeyaona. Nimeyanusa. Nayakumbuka."

Katika maisha yake yote ya udanganyifu, huo ulikuwa ukaguzi wake wa kwanza, nao ulikuwa wa kweli mwanzo hadi mwisho. Bwana mifugo akawakataza wale ng'ombe kuuzwa, akasema atafuata maji hayo hadi yanakotoka.

Lakini Masalu hakumngoja. Alikuwa ameanza kukumbuka mazizi, hili na lile na lile la mlimani, na kiangazi kinachokuja, na midomo yote ile ya wenye sikio moja lililopunguzwa ikishuka kwenye povu lake. Hapakuwa na mtu mwenye ng'ombe wengi kwenye lambo lile kuliko yeye. Kabla ya jioni wafanyakazi wake walikuwa wameng'oa bomba, na yeye mwenyewe akiwasimamia na kuwaita wavivu.

Likabaki suala la Januarius. Masalu alitaka afungwe. Vijana walitaka jambo la haraka zaidi.

"Afungwe kwa nini?" Nyanjige aliuliza. "Amepokea ng'ombe wa kubilisa mbele ya watu. Aliyepokea anachunga."

"Mpaka wapone," alisema Kwandu.

"Mpaka wanenepe," alisema Masalu, kwani biashara haimtoki mtu.

Hivyo Januarius alifanikiwa kuondoka na ngawira yake yote, bila kupungua hata ndama, na akawa analala nayo zizi kwa zizi. Koti la kaki liligeuka la kukingia umande. Sungusungu walimsindikiza popote, kwa usalama wa serikali.

Mvua za kwanza zilisuuza lambo, ukoko ukapasuka. Kila alfajiri, kabla ya kuwaruhusu ng'ombe kushuka, Januarius alichuchumaa ukingoni. Alitia mkono majini, akaunusa, akaonja kwa ncha ya ulimi, akatazama rangi ya tope. Asubuhi moja alisikia kitu, akainuka na kukimbia hadi uzioni kwa Nyanjige.

"Mayu! Mama! Vyura wamerudi. Upande wa mashariki, kwenye majani."

Nyanjige aliacha kufagia. Akamtazama kwa uso mkavu kabisa.

"Umejuaje, afande?"

Januarius akauficha nyuma ya mgongo mkono wake uliokuwa bado unadondosha maji.