Maneno Manne kwa Miguu Minne ya Meza

Jumatatu, tarehe 4

Mke wangu hayupo. Yuko kwa binti yetu, mtaa wa pili, tangu juzi. Amebeba nguo, miwani na mto wa kulalia. Mto wenyewe ni wangu, si wake.

Kosa langu: nilimwambia dada yake kwamba akicheka ni kama msumeno butu kwenye ubao mbichi. Aliniuliza mwenyewe kama kicheko chake kinanikera. Mtu akiuliza ajibiwe. Tena nimekuwa seremala miaka arobaini, msumeno butu naujua.

Mke wangu hakupiga kelele. Alisema kabati nalipapasa kwa msasa siku tatu, lakini binadamu nampigia misumari siku ya kwanza. Atarudi siku nitakapokuwa mpole mbele ya mashahidi. Halafu akanitajia Mnong'ono kama mfano. Hapo ndipo aliponichoma.

Mnong'ono ni jirani yetu, karani mstaafu wa mahakama. Anaongea kama kuna mtoto amelala chumba cha pili. Wanawake wa mtaa mzima wanamsifu. Mimi hata kumsikia simsikii.

Chai leo bila sukari. Sukari ipo, ila sijui huwa anaiweka wapi.

Jumanne, tarehe 5

Nimefikiri. Maneno ya upole ya Kiswahili nimeshayachakaza. Nikisema "taratibu", mke wangu anajua namkemea mtu aliyebeba kitanda. Nahitaji maneno ambayo mdomo wangu haujawahi kuyachafua. Kiingereza, basi. Na Mnong'ono anacho, cha mahakamani, kimepigwa pasi.

Nikaenda. Meza yake ya kulia inayumba miguu yote minne. Nikampendekezea mapatano: kila mguu nitakaoukaza, neno moja. Akakubali, nadhani. Aliitikia kwa kichwa.

Ameniandikia kwenye karatasi. "Gently", yaani kwa upole. "Softly", kwa ulaini. "Slightly", kidogo tu. "Moderately", kwa kiasi. Kisha akaninong'oneza kwamba maneno haya peke yake hayasaidii, sharti sentensi yenyewe iwe laini kwanza. Karani ananifundisha mimi msasa. Neno la namna hii ni vanishi: unapaka juu, mbao inang'aa, nani atauliza chini kuna nini? Najua, kazi ya mteja husuguliwa kwanza. Lakini hii ni ya nyumbani.

Miguu mitatu nimeikaza barabara. Wa nne nimeushikiza kwa msumari mmoja na gundi ya jana. Maneno yakiniishia, lazima awe na sababu ya kuniita tena.

Jumatano, tarehe 6

Siku ya majaribio.

Asubuhi mwalimu wa kike wa shule ya jirani kaleta kiti kilichovunjika. Nikamwambia: gently, mama, anayekikalia ni mtu au gunia la saruji? Akakichukua kiti chake akaondoka nacho kichwani. Nadhani Kiingereza hakijui, masikini.

Mchana nikaenda buchani. Nikamwambia muuza nyama: softly, kaka, mizani yako inaiba. Akatoka nje na kisu mkononi. Huyu naye shule hakwenda. Nikakimbia mpaka kona, na goti langu hili.

Sababu nimeiona. Watu hawa si wa hadhi ya maneno haya. Mke wangu amesoma mpaka darasa la nane, ataelewa.

Jumanne ilikuwa siku nzuri kuliko leo. Mto sina, nimeegemeza kichwa kwenye koti.

Alhamisi, tarehe 7

Nimekwenda kwa binti yangu, nimenyoa, nimevaa shati la harusi yake. Mkwe akanifungulia, akaniamkia, akapotelea jikoni upesi kama mtu aliyeona mvua inakuja. Sebuleni: mke wangu, binti yangu, na shemeji katika kofia yake yenye manyoya. Mashahidi wametimia.

Nikasimama wima. Nikasema: gently, shemeji, nisamehe. Mke wangu akainua uso. Hapo ningenyamaza, labda. Lakini karatasi ilikuwa bado na maneno. Nikaongeza: slightly, nilikosea, kicheko chako si msumeno butu, ni msumeno butu uliopakwa mafuta.

Mke wangu akaniuliza hayo madude ninayotanguliza ni nini. Nikamwambia ni upole, nimeufanyia kazi miguu minne. Akasema, "Mzee wangu, nenda nyumbani." Akafunga mlango taratibu sana. Taratibu kiasi cha mimi kusikia komeo likiingia lote.

Ndio kwanza leo nimeogopa. Akiamua kukaa huko moja kwa moja? Miaka thelathini na tisa. Nimepita karakana nikausugua ubao usio wa mtu yeyote mpaka ukawa mwembamba kama karatasi.

Ijumaa, tarehe 8

Saa tatu asubuhi mguu wa nne umejibu. Meza imelala, na uji wa moto wote umeishia mapajani mwa Mnong'ono.

Na Mnong'ono amepiga kelele. Huyo huyo. Sauti imefika mtaa wa pili. Sikujua ana koo lote lile.

Nikaenda na sanduku la vifaa, nikaingia chini ya meza, nikabana misumari mitano midomoni kama nifanyavyo siku zote. Akasimama juu yangu akinitukana. Kwamba mimi ni fundi wa masanduku ya nyanya. Kwamba hata kuku wangekataa banda langu. Kwamba mke wangu amechelewa kuondoka. Jibu nilikuwa nalo, zuri, lilianzia kwenye magoti yake na kupanda juu. Lakini ukifungua mdomo unameza misumari. Nikausugua mguu, nikaupaka gundi mpya, nikapiga msumari mmoja mmoja, nikafuta na uji sakafuni.

Nilipotoka chini mlango umejaa watu. Mbele kabisa mke wangu, na mto wangu kwapani; alikuwa nje akiukung'uta vumbi aliposikia yowe. Nyuma yake shemeji, mkono kifuani. Shemeji akasema, "Jamani, katukanwa vile, hata hakujibu." Macho ya mke wangu yalikuwa na maji.

Nikatema msumari uliobaki kiganjani. Mke wangu akautazama, akanitazama mimi, akaanza kucheka mpaka akashika ukuta. Hakuwaambia wenzake kitu. Akanipa mto nibebe.

Mnong'ono akaniomba radhi. Sauti imemkauka, sasa hasikiki kabisa.

Jumamosi, tarehe 9

Mke yupo. Sukari ilikuwa kwenye kopo la chumvi. Chumvi sijauliza.

Kiingereza kimefanya kazi yake, sina shaka. Nilikosa subira tu: vanishi nzuri huchukua siku mbili kukauka.

Shemeji anakuja kesho saa nne kunywa chai, tupatane rasmi. Mke wangu ameandaa meza tangu leo, na pembeni ya kikombe changu kaweka kisahani cha misumari mitano. Uzee, masikini, anasahau vitu vinakokaa. Nimeirudisha karakana bila kumwaibisha.

"Moderately" bado sijalitumia. Sentensi nimeshaiandaa. Inaanza kwa kiasi, halafu inakwenda moja kwa moja kwenye ile kofia.