Mzee wa Kamati na Sherehe ya Alhamisi

Chuo chenye kampasi tatu kina raha yake: ukionekana mgeni huku, watu wanadhani wewe ni mwenyeji wa kule. Wakubwa wa chuo hawajaligundua hilo mpaka leo. Aliyeligundua ni Mzee wa Kamati, kijana aliyekaa mwaka wa tatu kwa miaka minne. Siku hiyo alikuwa ndani ya basi la chuo, akiwasikiliza wahandisi wawili wakilalamika kwamba darasani kwao kuna wasichana watatu tu, na wote wana wachumba.

"Poleni sana, ndugu zangu," akawageukia. "Mimi niko kampasi ya uuguzi. Kwetu kilio ni hicho hicho, ila upande wa pili. Dada zetu wamenituma niwatafutie watu wa kustarehe nao Alhamisi mchana, baa ile inayotazamana na kituo cha basi. Tiketi ninazo."

Alikuwa nazo kweli. Mzee wa Kamati hatembei bila tiketi. Tarehe tu ndiyo huwa anaijaza baadaye. Kwa siku mbili akawauzia wahandisi, fedha akazitia ndani ya soksi. Baa yenyewe hakuiambia neno. Alhamisi angejifungia chumbani asome, maana Ijumaa saa mbili asubuhi alikuwa na mtihani wa marudio, wa mwisho kabisa. Akiukosa huo, chuo basi. Na mama yake alishashona nguo ya mahafali mara mbili.

Jumatano akashuka kampasi ya uuguzi, safari hii yeye ndiye mhandisi. Getini akakutana na dada mmoja mwenye daftari la mahudhurio kwapani.

"Mimi ndiye mwakilishi wa darasa," dada akasema. "Hapa kila mchango unapitia kwangu. Niachie tiketi zote, kesho asubuhi njoo uchukue chako. Ila wenzangu wameshalizwa sana, kaka. Niachie na kitambulisho chako wakione, wapate imani."

Tiketi sitini kuuzwa bila yeye kutoa jasho! Tamaa ikamziba macho, akakitoa kitambulisho huku anacheka. Mtu mzima, jamani, na ujanja wote ule.

Alhamisi asubuhi dada hayupo. Darasani wakamwambia mwakilishi wao ni mvulana, yule pale mbele anayesinzia. Bila kitambulisho, chumba cha mtihani utakiona kupitia dirishani. Mchana ulipoingia akakimbilia baa, labda huko kuna anayemjua yule dada.

Akaikuta imejaa pomoni. Wauguzi na wahandisi wanacheza, meza hazionekani kwa chupa. Kwenye kaunta kasimama mama mwenye baa, na kitambulisho kimechomekwa pembeni ya kioo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Karibu kwenye shughuli yako. Dada yako ndiye kaleta hiki, akasema watu wanywe, kaka yake analipa. Na kreti mbili kaondoka nazo."

"Yule si dada yangu, mama."

"Basi mmefanana tabia."

"Kesho asubuhi nina mtihani, mama yangu. Nakuomba."

"Na mimi kesho asubuhi nina mtu wa bia."

Mzee wa Kamati akawaendea wauguzi. "Yule dada mwenye daftari, anakaa bweni gani?"

"Tumjuaje? Si mhandisi mwenzenu?"

Akawageukia wahandisi. Nao wakashangaa. "Si muuguzi yule? Jana jioni kaja kutuuzia tiketi, akasema katumwa na dada wenzake."

Kilichomuuma si fedha. Ni kwamba kazi ya yule dada ilikuwa nzuri kuliko yake.

Akaketi juu ya kreti tupu, akavua kiatu, akavua soksi. Mama mwenye baa akazipokea zile noti kwa ncha za vidole, uso kaugeuzia pembeni, kisha akamrudishia kitambulisho. Hapo mhandisi mmoja akapanda mezani na kutangaza kwamba huyu ndiye mwenye sherehe, mtu wa kwanza chuoni kuuza tiketi na sherehe ikawepo. Wakambeba juu juu, mguu mmoja peku, wakaanza kumzungusha baa nzima. Aibu aliyoiona hapo hajawahi kuiona hata siku aliyowahi kukamatwa na tiketi za uongo.

"Nishusheni, jamani," akawa anawasihi. "Nakwenda kusoma. Kesho nina mtihani."

Hakuna aliyemwamini.