Anaeli Mdogo Amenikataa Kanisani

Zamani, nikiwa kibarua wa shamba la kahawa kule Usa River, msimamizi alinipa baiskeli nipeleke barua. Kuendesha sikujua, ila nilishasema najua. (Shule niliishia darasa la pili, lakini uongo nilihitimu.) Nikateremka nayo hadi ndani ya mfereji, kina mama wanafua. Walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Nikajiambia, aibu kama hii sitaiona tena.

Leo nimeiona. Mbele ya usharika mzima!

Mjukuu wangu Anaeli ana miezi minane, na jina hilo ni langu. Wazazi wake wakienda kazini hubaki na mimi hapa Kimandolu. Akilia, mimi naongeza sauti ya redio. Nasema apanue mapafu.

Wiki tatu zilizopita akaja mkwe wangu kutoka Machame, mama yake mke wa mwanangu. Yule mama! Mtoto akiguna tu, keshainuka. Chai inapoa, mboga inaungua. "Nipo, baba, bibi nipo." Kila mara, hachoki.

"Mkwe, unamdekeza," nikamwambia.

"Simdekezi, babu. Akilia, naenda. Naye ajue hivyo."

Nikacheka. (Nilicheka mapema.)

Leo ndiyo ubatizo. Niliomba wiki nzima nimbebe mimi mpaka mbele, wajina wangu. Suti nimeinyoosha mwenyewe. Nikampokea. Akanitazama usoni kama anayesoma notisi ya kufukuzwa nyumba. Kisha akapiga ukelele!

Nikamrusharusha. Nikamwimbia. Ikawa mbaya zaidi. Akang'oa miwani yangu, ikaangukia kwaya, na mikono yote miwili akamnyooshea mkwe wangu aliyekaa benchi la tatu.

Mchungaji akasema taratibu, "Mzee, mpe anayemjua."

Anayemjua! Mimi naishi naye nyumba moja!

Mkwe akamchukua. Kimya. Hapo hapo. Nyuma yangu mama mmoja akamuuliza mwenzake, "Kwani yule babu ni mgeni?"

Basi jina langu limebatizwa mikononi mwa Mmachame, mimi nimesimama pembeni natafuta miwani.

Sasa wote wako uani wanakula ndizi, mtoto kalala, nawaandikia. Msicheke bado, maana tukitoka mlangoni mwa kanisa mkwe alinishika mkono akaniambia—

Jamani, mtoto kaamka, analia. Naenda mimi.