Ubawa wa Kushoto

Jumatatu, 8 Septemba 2025
Dada Maulida kanipa hadi Ijumaa, siku ya hitima ya baba. Marehemu alichonga ubawa wa kulia wa mlango wetu. Wa kushoto mauti yakamkatisha. Miaka kumi na tisa pana ubao mtupu! Nikishindwa, kazi atapewa binamu Bwanausi, mchonga twiga wa watalii. Nimefungua kisanduku cha patasi za baba. Bado zinanukia mninga. Nikalia kidogo. Kisha nikapata mbinu: nimenakili ubawa wake wote kwenye karatasi. Akili hizi sijui nilizitoa wapi.

Jumanne, 9 Septemba
Nimeisogeza karatasi hadi ubawa wa kushoto, nikachora. Lo! Baba akisema maua ya mlango huamkiana. Yangu yameyapa ya kwake mgongo, kama watu wa foleni. Nikaizungusha karatasi nusu duara. Yanaamkiana sasa, ila miguu juu. Bwanausi kapita, kauliza kama ni popo. Wivu tu.

Jumatano, 10 Septemba
Nimekumbuka! Kidato cha pili, Mwalimu Ashatu alitufundisha kuakisi: alitia wino kwenye karatasi, akaikunja, akaifungua, kipepeo! Siku hizo patasi ya baba ilisikika hadi darasani. Naikosa sauti ile. Nimeipaka karatasi mafuta ili mistari ionekane nyuma, nimeipindua. Maua yanaamkiana!

Alhamisi, 11 Septemba
Nimemaliza kuchonga. Tatizo dogo: chini baba alichonga jina lake, Mwinyimvua, kwa herufi za Kiarabu, nalo kwenye ubawa wangu limepinduka. Nikashtuka. Kisha nikafikiri: herufi zile husomwa kutoka kulia. Zikipinduliwa, zitasomwa kutoka kushoto, kama gazeti. Baba amekuwa wa kisasa!

Ijumaa, 12 Septemba
Watu wamejaa. Bi Mwaija, aliyenifundisha Kurani chuoni nikisinzia, kalitazama jina, kainamisha kichwa huku na huku, kasema hajapata kuona lugha hiyo. Wakacheka. Dada Maulida hakucheka. Alipapasa maua, machozi yakamtoka.
“Mkono ni wa baba,” akasema. “Jina ni la nani?”
Kesho Bwanausi atakuja kulichonga upya. Hathubutu! Nimeshaazima kioo kikubwa kwa Amiri kinyozi, nikitundike mkabala na mlango. Anayetaka kumsoma baba atazame humo. Kioo kina tangazo la saluni upande wa mbele, lakini hilo si neno. Nitakigeuza kitazame ukuta.