Kabati Moja, Magauni Mawili

Jumatatu, 3 Machi
Kabati la kioo limebaki moja tu katika ukumbi wa makumbusho! Magauni ni mawili: la marehemu mama yangu, la buluu lenye nukta nyeupe, na la marehemu mama mkwe, la rangi ya krimu, lililoletwa na wifi yangu. Mtunzaji, ambaye sote tunamwita Glovu kwa kuwa havui glovu zake nyeupe, ataamua Alhamisi lipi lionyeshwe. Litakaloshindwa litarudi sandukuni, kwa nondo. La mama lina kasoro moja: pindo la nyuma limenyofoka kipande. Miaka arobaini nimewalaumu panya.

Jumanne, 4 Machi
Nilifika mapema na pasi. Glovu aliniwahi mlangoni, akaipokonya. Nikaelezwa kwamba nguo ya umri huu haipigwi pasi, haitundikwi, wala haikunjwi bila karatasi laini katikati. Kisha akalilaza gauni kwa mikono miwili, polepole, kama mtu anayelaza kichanga. Nilipendezwa sana. Sikumwambia.
Wifi akasema afadhali sikuja na ya mkaa.

Jumatano, 5 Machi
Mbinu mpya: kutafuta dosari katika gauni la mama mkwe. Glovu na wifi walipokwenda kula, nilivaa glovu, nikaligeuza ndani nje. Lo! Mishono midogo kama ufuta, imenyooka, hakuna uzi uliolegea. Ndani kuzuri kuliko nje! Nani hujitaabisha hivyo mahali pasipoonekana? Nilisahau kilichonileta. Nilikaribia kumwomba marehemu radhi.
Ndipo nikakiona, kwapani. Kiraka! Cha buluu, chenye nukta nyeupe. Furaha ilininyima nafasi ya kufikiri.

Alhamisi, 6 Machi
Nilimtangazia Glovu, mbele ya wifi, kwamba gauni lile si zima. Glovu akainama, akatazama, akauliza mbona nukta hizo amekwisha kuziona mahali.

Wifi akacheka hadi akatafuta kiti. Akasema yalitokea asubuhi ya harusi yangu mwenyewe. Mama yake aliinua mikono kushangilia, kwapa likachanika. Mama yangu akachukua mkasi, akakata pindo lake, upande wa nyuma, wakashona chumbani huku wakicheka. Wakaapa bibi harusi asijue. Angekuja kuwasahihisha mshono.
Nilikaa chini. Panya wale niliwaonea.
Glovu akasema hajapata kuona kiraka chenye thamani kama hiki. Magauni yote mawili yataingia kabatini.

Jumamosi, 8 Machi
Maonyesho yamefunguliwa. Sanamu lililovishwa gauni la mama mkwe limeinua mkono, kiraka kinaonekana. La mama limegeuzwa kidogo ili pengo la pindo lionekane. Fundi cherehani mmoja alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena, akabaki pale pale. Wifi akanishika mkono. Sikuutoa. Sijaona kitu kizuri kuliko hicho katika ukumbi wowote, nami si mtu wa kusifu ovyo.
Hata hivyo, gauni la mama limewekwa nyuma ya lile jingine kwa vidole vinne. Nimepima kwa macho, mara tatu.
Glovu hula saa saba. Ufunguo wa kabati huuacha mezani.
Safari hii sitachukua pasi.