Wiki Niliyovaa Saa ya Mzee Mincho

Jumatatu, 19 Mei

Baba mkwe, Mzee Mincho, kanikabidhi saa yake niipeleke kwa fundi. Saa ya kutia ufunguo, nyembamba kama biskuti, imechovywa dhahabu, mkanda wa ngozi. Haijavaliwa tangu mama mkwe Todora afariki mwaka jana. Anaitaka Jumapili, siku ya kumbukumbu yake makaburini. Kaniambia, "Krastyo mwanangu, usiitie mfuko mmoja na funguo za nyumba."

Nimeudhika kidogo. Nina miaka hamsini na minane. Nawakatia abiria tiketi kituo cha mabasi. Nusu ya mji wa Sliven inaniamini na safari zake.

Njiani nikaivaa, kuipima tu. Mkono ukabadilika. Ukawa mkono wa mtu anayesubiriwa mahali.

Jumamosi tunakutana tuliomaliza shule miaka arobaini iliyopita. Tsvyatko atakuwepo. Tsvyatko ana kliniki ya meno, na tabia ya kukupigapiga begani anapokuuliza unafanya kazi gani siku hizi.

Alhamisi, 22 Mei

Fundi ameisafisha, ameitia mafuta, inakwenda vizuri. Kasema nisiiguse zaidi.

Nimemwambia baba mkwe kuwa fundi anaomba hadi Jumapili asubuhi. Mzee akasema hewala, asiharakishwe. Aliniamini palepale. Afadhali angebisha kidogo.

Ila dhahabu imefifia, hasa ukingo mmoja. Tsvyatko ana macho ya daktari, ataona. Nikajifungia bafuni na dawa ya meno na soksi. Nikasugua. Ikang'aa. Nikasugua tena ili upande ule ufanane na huu, kisha huu ufanane na ule. Soksi ikageuka manjano. Nikadhani ni uchafu wa miaka hamsini.

Saa imekuwa ya rangi moja kote. Nyekundunyekundu kidogo, kama sufuria ya shaba. Lakini inang'aa.

Jumamosi, 24 Mei

Sitaki kuandika. Naandika.

Nilikaa nimeegemeza kiwiko mezani, saa ikiwatazama watu. Saa nzima ikapita, hakuna aliyeiona. Niliwatajia wakati mara tatu bila kuulizwa. Mwishowe Tsvyatko akaniuliza, "Bwana, hiyo umeitoa wapi?"

Nikasema idara ya mabasi ilinizawadia kwa utumishi wangu. Nilikusudia kuishia hapo. Mdomo ukaendelea peke yake: waziri mwenyewe ndiye aliyenivisha.

Kumbe Tsvyatko hukusanya saa za zamani. Akaiomba aishike. Ningekataaje? Akaigeuza, akavaa miwani, akasoma kwa sauti maandishi yaliyochongwa nyuma, kama padri anayesoma Injili. Kwa Mincho Karadzhov, fundi mkuu wa kufuma, miaka kumi na mitano ya kazi, 1974.

Mimi sijawahi kuigeuza. Siku tano ninayo, sijaigeuza.

"Krastyo," akasema, "1974 mimi na wewe tulikuwa darasa la kwanza. Ulianza kazi mapema, ndugu yangu."

Meza nzima ikacheka. Nami nikacheka, kuwashinda wote. Hilo ndilo lililokuwa baya zaidi, hadi Snezhana, niliyekuwa nikinakili hesabu zake shuleni, akauliza kama Mincho si babake mke wangu. Nikasema ndiye. Akauliza kama mzee yu hai. Nikasema yu hai.

"Anajua kama umeivaa?"

Hapo hakucheka mtu. Bendi ikaanza ngoma ya horo, nikajitupa kwenye mstari wa wachezaji nisijibu. Nilicheza mpaka jasho likaingia kwenye soksi.

Jumapili, 25 Mei

Nimeamka na pete ya kijani kwenye kifundo cha mkono. Shaba na jasho. Sabuni haikuitoa, wala siki, wala pombe ya rakia. Nedyalka, mke wangu, akaniuliza mkono umefanyaje. Nikamwambia ni mzio wa stroberi. Akasema sijala stroberi mwaka huu.

Mzee alikuwa amekaa sebuleni, suti tayari, nywele zimelowekwa maji na kuchanwa. Nikampa saa. Hakuitazama. Aliipitishia kidole gumba ukingoni, polepole, akarudi tena, kama mtu anayetafuta swichi gizani.

"Pale palipolika pako wapi?"

Nikasema fundi ameifanya mpya.

Akanieleza, bila hasira, kwamba Todora alikuwa akimshika mkono pale penye saa wakitoka kiwandani. Kila jioni, miaka na miaka. Pete yake ya ndoa ndiyo iliyoila dhahabu. Akasema usiku huipapasa hapo, ndipo hulala.

Kisha akautazama mkono wangu. Halafu saa. Halafu mkono tena.

Nikasema ni mimi. Nikasema yote: soksi, dawa ya meno, Tsvyatko, waziri. Sauti yangu ilikuwa ndogo hata mimi sikuitambua. Nedyalka alikuwa mlangoni ameshika bakuli. Sijui alianza kusikia wapi.

Mzee akanyoosha mkono nimfungie mkanda. Nililikosa tundu mara mbili.

"Taratibu," akasema. "Padri atatusubiri."

Makaburini Nedyalka alimshika baba yake upande wa saa. Mimi nikapewa ngano ya kuchemsha, ile ya kumkumbuka marehemu, niwagawie watu. Kila niliyempa kijiko, nilivuta kwanza mkono wa shati. Ningetukanwa, ningepumua.

Jumanne, 27 Mei

Mzee hajaligusa tena jambo lile. Leo kaniita, akanipa kodiani yake niipeleke kwa fundi, kibonye kimoja kinakwama. Mtu mwingine angenikataza hata kijiko chake. Machozi yalinilengalenga. Nikaapa moyoni nitaipeleka moja kwa moja, nisisimame popote.

Alhamisi kituoni tunamuaga mhasibu. Msimamizi aliuliza kama kuna anayejua kupiga chombo chochote. Nilisubiri kwa muda wa kutosha kabla ya kunyoosha mkono.

Kupiga sijui. Lakini kibonye kikiwa kimekwama, nani atanilaumu?

Na safari hii nimejifunza. Nimeigeuza kodiani pande zote, nimefungua hata mikanda nikachungulia ndani. Haina jina popote.